Jinsi ya kupata kipimo cha h cha mtafiti wa fiziolojia ya mazoezi na moyo

Kipimo cha h ni idadi kubwa kabisa ya makala za mtafiti ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara sawa na idadi hiyo. Anza na jina, maana hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Tafuta namba yake ya ORCID, yaani kitambulisho cha mtafiti (tarakimu 16, ya mwisho yaweza kuwa X), kisha fungua wasifu wake kwenye hifadhidata ya makala za kitaaluma, Scopus au Google Scholar. Ondoa makala za mtu wa jina linalofanana, unganisha zilizojirudia.

Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Tuseme zimenukuliwa mara 48, 30, 17, 9, 6, 5, 2. Shuka ukihesabu: ya tano ina 6, inapita, ya sita ina 5, haifiki. Basi h ni 5, kwa kanuni aliyoipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005.

Usichanganye namba za hifadhidata mbili: Google Scholar huhesabu hata tasnifu, kwa hiyo huwa juu. Andika chanzo na tarehe.

Fani hii ina mtego wake. Mwongozo wa tiba ya moyo wenye waandishi 30 hunukuliwa na madaktari kila mahali. Jaribio la VO2max (kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili huweza kutumia) la wakimbiaji 12, kazi ya miezi maabarani, laweza kunukuliwa mara chache tu. Tenga miongozo na mapitio, uhesabu upya tafiti asilia peke yake. Kwenye Scopus, toa pia kujinukuu.