Somo: Fuata Fosfati, Uelewe Jinsi Seli T Inavyoamriwa Kutengeneza Saitokini

Wanafunzi wengi hukariri majina ya vimeng'enya vya seli T (seli nyeupe za damu zinazolinda mwili), lakini wakiulizwa kwa nini dawa ya saiklosporini huzuia mwili kuikataa figo iliyopandikizwa, hukwama. Nashauri njia nyingine: katika kila hatua jiulize fosfati (kikundi kidogo cha kemikali kinachobadilisha utendaji wa protini) imebandikwa wapi, na nani atakayeibandua. Tutafuata saitokini moja (protini ambayo seli za kinga huitoa ili kupelekeana ishara), interlukini-2.

Hatua ya 1. Kipokezi cha seli T kinapotambua kipande cha antijeni (kitu kinachoamsha kinga), chenyewe hakiwezi kubandika fosfati. Kazi hiyo hufanywa na kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfati) iitwayo Lck, kwenye mikia ya protini za CD3 zilizoshikamana na kipokezi hicho.

Hatua ya 2. Mikia hiyo huinasa kinasi ya pili, ZAP-70, ambayo hubandika fosfati kwenye LAT, protini ya utando inayogeuka kuwa gati ambapo vimeng'enya vingine hutia nanga.

Hatua ya 3. Kimojawapo, fosfolipesi C-gama 1, hukata mafuta ya utando na kutoa vipande viwili, DAG na IP3. DAG hubaki kwenye utando na kuamsha njia zinazoishia kwa AP-1 na NF-kB, protini zinazowasha jeni. IP3 huenda kufungua ghala la kalsiamu lililo ndani ya seli.

Hatua ya 4. Hapa tusiharakishe. Ghala hilo ni dogo. Linapopungua, protini ya STIM1 huhisi upungufu na kufungua mlango wa ORAI1, ili kalsiamu ya nje iingie na, kwa kupitia protini ya kalmodulini, iamshe kimeng'enya cha kalsinurini. Tofauti na Lck na ZAP-70, kalsinurini huibandua fosfati: NFAT, protini nyingine inayowasha jeni, ikishavuliwa fosfati zake huingia kwenye kiini na, pamoja na AP-1, kuiwasha jeni ya interlukini-2. Lakini kalsiamu ikishuka, kinasi kama GSK-3 huzirudisha fosfati hizo na NFAT hutolewa nje. Kwa hiyo mmweko mfupi wa kalsiamu hautoshi. Mlango lazima ubaki wazi kwa saa kadhaa, na hili, kwa maoni yangu, ndilo linaloizuia seli kurusha saitokini kwa kila mguso mdogo.

Hatua ya 5. Saiklosporini ilitokana na kuvu wa udongo wa Norwe, na takrolimasi, dawa nyingine ya kuzuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa, ilitokana na bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani. Kemia zao hazifanani, wala protini zinazozishika si moja, lakini mwaka 1991 ilibainika kwamba zote mbili huishia kuizuia kalsinurini isifanye kazi, hivyo NFAT haivuliwi fosfati na jeni ya interlukini-2 haiwashwi.

Maswali ya wanakundi

Swali: Je, NFAT ikiingia kwenye kiini bila AP-1?
Jibu: Seli huelekea kwenye ubutu, yaani hushindwa kuitikia hata antijeni ikirudi. Ndiyo maana ishara ya pili, kupitia CD28 (kipokezi kingine cha seli T kinachosaidia kuiamsha AP-1), ni muhimu.

Swali: Maabara yetu huchochea seli kwa kemikali za PMA na ayonomaisini. Tunaiga hatua ipi?
Jibu: PMA huiga DAG, na ayonomaisini huingiza kalsiamu, hivyo mnaruka hatua mbili za mwanzo. Seli zikiitikia mchanganyiko huo lakini zisiitikie kingamwili dhidi ya CD3, ambayo huchochea kipokezi chenyewe, tafuteni kasoro karibu na kipokezi, kwa mfano ZAP-70.

Swali: Mgonjwa anayetumia takrolimasi akianza dawa za kifua kikuu, kuna tatizo?
Jibu: Lipo, na ni kubwa. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huzidisha vimeng'enya vya ini vinavyovunja takrolimasi, kiwango chake katika damu kikaporomoka na kalsinurini ikaanza kufanya kazi tena. Daktari wake ajulishwe kabla ya dozi ya kwanza, ili kiwango kipimwe mara kwa mara na dozi irekebishwe.