Kuitambua B-17 kwenye picha ya zamani ya vita

B-17 ilikuwa ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia. Anza na mkia. Jina lililochorwa puani liache kwanza, maana wauzaji wa picha hupenda kuiita kila B-17 "Memphis Belle", jina la B-17 moja mashuhuri. Skani picha kwa nukta 1200 kwa inchi, upande wa nyuma pia, kisha kuza pezi la mkia, yaani kile kibao kinachosimama wima. Pezi liwe moja. Yakiwa mawili, hiyo si B-17, huenda ni B-24 au Lancaster, ndege nyingine za mabomu za wakati huo.

Namba ya pezini huachwa tarakimu yake ya kwanza: 124485 ni 41-24485, Memphis Belle yenyewe. Hiyo 41 ni mwaka wa bajeti ya oda, si mwaka wa kuundwa, na hapo wengi huteleza. Namba hii haibadiliki ndege ikihamishwa kikosi. Herufi za ubavuni hubadilika. Herufi ndani ya pembetatu au mraba juu ya pezi ni ya kundi la ndege za mabomu: pembetatu yenye A ni Kundi la 91 la Bassingbourn, Uingereza. Alama hizo zilianza katikati ya 1943.

Kisha tazama nyota, alama ya ndege za kijeshi za Marekani. Hadi Mei 1942 ilikuwa na duara jekundu katikati. Mwishoni mwa Juni 1943 iliongezewa vibao vyeupe kushoto na kulia na ukingo mwekundu, na miezi michache baadaye ukingo ukawa wa buluu. Kwenye filamu ya weusi na weupe rangi hizo hudanganya: filamu isiyohisi nyekundu huufanya ukingo mwekundu uwe mweusi kuliko buluu, ilhali ile inayohisi rangi zote huweza kuzifanya zifanane. Isitoshe, mafundi vituoni walichelewa kupaka upya. Kwa hiyo nyota hukuambia picha haikupigwa kabla ya lini. Haikuambii ilikuwa mwisho lini.

Bunduki mbili kwenye kikuba (kibanda cha bunduki kinachozunguka) chini ya pua ya ndege ni dalili ya toleo la B-17G, ingawa baadhi ya B-17F za mwisho, toleo la kabla yake, zilikuwa nazo. Bati linalong'aa bila rangi ni la kuanzia mapema 1944. Ukiona mkia uliopakwa rangi kwenye ndege inayong'aa, usishuku picha: vipuri vilitolewa kwenye ndege zilizoharibika.

Namba ikisomeka kinyume, negativu iligeuzwa wakati wa kuchapa. Igeuze kwanza, ndipo useme hili ni bawa la kushoto au la kulia.