Kabla ya Kupanda Mikoko, Soma Maji

Vikundi vingi vya pwani vikiamua kurudisha mikoko hukimbilia mbegu za mkoko wenyewe, aina moja tu kati ya miti ya mikoko, kwa kuwa ni ndefu, huokotwa kwa urahisi na hazihitaji kitalu, kisha huzichomeka popote palipo na tope. Muda si mrefu hubaki vijiti vikavu. Kosa haliko kwenye mbegu bali mahali zilipopandwa, maana kila mti una daraja lake: mlilana husimama mbele na kupigwa na maji kila siku, mkoko humfuata nyuma na kandokando ya vijito, mkandaa hukaa juu zaidi, na mchu, unaovumilia chumvi nyingi, hufika hadi kule ambako maji hupanda wakati wa bamvua tu, yaani siku za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu.

Kwa hiyo nenda mahali penyewe maji yakijaa, urudi tena yakipwa, uangalie yanakoingia na yanakotuama. Ikiwa tuta la mashamba ya chumvi au barabara imeziba mkondo, zibueni mkondo huo kwanza. Penye miti mama jirani, mbegu zinazoelea mara nyingi hujipanda zenyewe.

Panapolazimu kupanda, chagua mbegu za mkoko zilizokomaa, zenye pete ya manjano chini ya kofia na zisizo na matundu ya wadudu. Chomeka theluthi moja ya urefu, ncha ikiwa chini (nimewahi kukuta safu nzima imepandwa kichwa chini), na ufanye hivyo siku za maji mafu, maji yanapopanda na kushuka kidogo tu, ili mizizi ipate kushika kabla ya bamvua. Usipande juu ya majani ya bahari, ambayo ni malisho na makazi ya samaki.

Mkulima wa juu ya mto naye anahusika kuliko anavyodhani. Mikoko hupumua kwa mizizi iliyo juu ya tope, ile ya mchu ikichomoza kama penseli. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori la Mwache, Mombasa, ukafukia mizizi na miti mingi ikafa ikiwa imesimama. Matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko, na ukanda wa matete kingoni mwa mto huzuia udongo huo ungali shambani, unakohitajika.