Kabla hujaanza kuusoma uchoraji wa Tingatinga

Anza na ubao wenyewe, vitabu vitafuata. Shika picha moja, uielekeze dirishani mwanga uipige ubavuni. Utaona rangi imeinuka kama chale za usoni, doa juu ya doa, na kazi ikiwa mpya utasikia harufu ya rangi ya mafuta, ile ya milango na baiskeli. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru ambaye mtindo huu una jina lake, alipoanza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 alitumia rangi hiyo ya dukani juu ya ubao wa dari. Inang'aa sana lakini hukauka polepole, kwa hiyo mandhari hupakwa kwanza, ikaachwa ikauke, ndipo mnyama akafuata. Asiyelijua hilo atauita mtindo huu wa kitoto, na atakuwa amemdhulumu fundi.

Usiupime kwa mizani ya Paris. Wengi tumesoma kwamba mchoraji Picasso aliviona vinyago vya Afrika kwenye makumbusho ya Trocadéro, Paris, mwaka 1907, tukadhani mchango wetu katika sanaa ya kisasa uliishia hapo. Mweke Tingatinga, ambaye hakupita chuo chochote cha sanaa, kando ya mchoraji mwenzake Sam Ntiro, aliyesoma Chuo cha Makerere kisha chuo cha sanaa cha Slade, London. Wote wawili ni wasanii wa kisasa, kila mmoja kwa njia yake.

Zoeza jicho pia. Tingatinga aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, baada ya miaka minne hivi tu ya kuchora. Kazi zake ni chache, na saini yake imeghushiwa mara nyingi. Mara nyingi yeye alichora mnyama mmoja kwenye mandhari tupu. Picha zilizosheheni wanyama na vijiji zilishamiri baadaye, mikononi mwa wanafunzi wake na waliowafuata.

Kuhusu kunakili, nakusihi usiwe mwepesi wa kuhukumu. Kijana hukaa ubavuni mwa fundi, akamjazia madoa ya chui mpaka mkono ukazoea, kisha akachora chui wake. Huo ndio ufundishaji wenyewe.

Athari za mtindo huu zitafute nje ya fremu: kwenye trei na fulana, na kwenye katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi. Mtazame pia George Lilanga, Mmakonde aliyewahamisha mashetani wa vinyago vya Kimakonde na kuwaweka kwenye picha za rangi hizo hizo zinazong'aa.

Mwisho nenda Oyster Bay, Dar es Salaam, karibu na Morogoro Stores, kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga ulioundwa mwaka 1990. Salimia, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukijaliwa nunua hata kaubao kadogo. Kwenye daftari andika jina la mchoraji, alijifunza kwa nani, na huyo naye alifundishwa na nani.