Wino wa damu ya mzee: chovya kwanza, usijaze

Ukipata kichupa cha wino mwekundu uliokolea, ile rangi tunayoiita damu ya mzee, usikimbilie kuujaza kwenye kalamu. Chovya ncha tu, ifute kidogo, kisha andika mistari mitano sita kwenye karatasi unayoitumia kila siku. Daftari la kawaida la shule hunyonya sana: herufi huota ndevu na wino hutokeza upande wa pili. Kwenye karatasi laini, nzito kidogo, wino uleule hupendeza mno. Pale mkono ulipotua rangi hukolea, pale ulipopita haraka hupauka kuelekea waridi.

Usiuhukumu usiku. Mimi niko Tanga, na maandishi niliyoyaona ya hudhurungi chini ya taa, asubuhi barazani yaliwaka kama komamanga. Ila karatasi usiianike juani siku nyingi, wino mwekundu mwingi hupauka.

Kukauka nako kuna hesabu yake. Huku pwani hewa ina unyevu, hasa masika, kwa hiyo subiri kidogo kabla ya kufunga daftari.

Ukiridhika, jaza. Lakini wekundu hung'ang'ania, na kalamu ya plastiki angavu inaweza kubaki na doa. Ukibadili wino, isuuze kwa maji baridi yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha maji matupu mpaka yatoke meupe. Maji ya moto hapana, yanaweza kupinda plastiki. Na wino wa kuchorea wenye gundi usiuingize kabisa, ukikauka ndani umeziba njia.