Somo: Kuitambua Aina ya Dai Kabla ya Kulijibu

Ndugu wanachama, mijadala mingi huvunjika ilhali kila upande una ushahidi wake, kwa sababu mmoja anatetea dai la aina moja na mwenzake anapinga la aina nyingine, huku kila mmoja akiamini kwamba wanazungumzia jambo lile lile. Kila aina ya dai ina uthibitisho unaoifaa, na ndiyo maana kuitambua aina hutangulia kujibu.

Hatua ya 1: Litenge dai. Jiulize msemaji anataka ukubali nini, kisha uliandike kwa sentensi moja ambayo yeye mwenyewe angeikiri kuwa ndiyo kauli yake.

Hatua ya 2: Je, ni dai la ukweli wa mambo? Dai hili husema kwamba jambo lipo, lilitokea au litatokea. Halihitaji kuwa la kweli ili liwe la aina hii: anayesema kwamba maji safi huchemka kwa nyuzi 90 za Selsiasi penye usawa wa bahari amekosea, lakini dai lake ni la ukweli wa mambo, kwa kuwa kipimajoto kinatosha kulimaliza.

Hatua ya 3: Je, ubishi uko kwenye maana? Mwaka 2006, mjini Prague, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliamua kwamba sayari ya mfumo wetu ni lazima izunguke Jua, iwe na umbo linalokaribia tufe, na iwe imesafisha eneo la njia yake. Pluto haikutimiza sharti la tatu, ikaitwa sayari kibete. Hakuna kilichobadilika huko iliko, kwa hiyo picha za darubini peke yake zisingeumaliza ubishi ule. Kilichobishaniwa ni masharti.

Hatua ya 4: Je, ni dai la chanzo? Hapa naomba tutulie, maana ndipo watu makini hupotea. Mwaka 1854 kipindupindu kilipozuka katika mtaa wa Soho, London, daktari John Snow alidai kwamba kilienezwa na maji ya pampu ya Broad Street. Mpini wa pampu uliondolewa, na ugonjwa ukaisha. Wengi huishia hapo na kuona kwamba dai limethibitika, ilhali vifo vilikuwa vimeanza kupungua kabla ya mpini kuondolewa, kwa sehemu kwa sababu wakazi wengi walikuwa wamekimbia, na Snow mwenyewe alilikiri hilo. Nguvu ya hoja yake ilikuwa kwingine: vifo vilikusanyika karibu na pampu, wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilicho jirani, waliokuwa na kinywaji na kisima chao, hawakuguswa sana, na mjane aliyeishi mbali, huko Hampstead, lakini akiletewa maji ya pampu ile, alifariki. Dai la chanzo hudai ulinganisho wa namna hiyo, yaani waliokipata kisababishi na wasiokipata, na si kufuatana kwa matukio tu.

Hatua ya 5: Je, ni dai la thamani? Maneno kama *bora*, *haki* na *aibu* ndiyo dalili. Mtake msemaji ataje kigezo chake, kisha mjadili kigezo chenyewe na jinsi kilivyotumika.

Hatua ya 6: Je, ni dai la hatua ya kuchukua? Dai hili hubeba mengine ndani yake. Chukua sentensi "Simu zipigwe marufuku darasani." Ndani yake mna dai kwamba wanafunzi huzitumia wakati wa somo (ukweli), kwamba matumizi hayo hupunguza usikivu (chanzo), kwamba usikivu una uzito kuliko uhuru wa kuwasiliana (thamani), na kwamba marufuku inatekelezeka. Taja ni lipi unalolikataa. Anayekubali matatu ya mwanzo na kutilia shaka utekelezaji hana haja ya kubishana kuhusu usikivu.

Maswali ya wanachama

*Mtu akisema "haya ni maoni yangu", bado anadaiwa uthibitisho?*

Ndiyo, iwapo anataka wengine wayakubali. "Maoni yangu ni kwamba dawa hii inaponya" ni dai la chanzo, na utangulizi ule haulibadilishi. Asiyedaiwa ni yule anayeeleza ladha yake tu, kwa mfano kwamba anapenda rangi ya buluu.

*Takwimu nyingi zikikusanywa, haziwezi kuthibitisha dai la hatua?*

Peke yake, hapana. Mwanafalsafa David Hume alionya mwaka 1740 kwamba waandishi huhama kutoka "iko hivi" hadi "inapasa iwe hivi" bila kueleza walivyovuka. Takwimu zitakuonyesha ukubwa wa tatizo, hata gharama za kulitatua. Lakini kwamba gharama hizo zinastahili kulipwa ni dai la thamani, nalo litetewe waziwazi.

*Nikikuta dai la aina mbili kwa pamoja, nianze na lipi?*

Anza na maana, kisha ukweli wa mambo, kisha chanzo. Thamani na hatua zifuate, kwa sababu hutegemea majibu ya yale yaliyotangulia. Mkikwama kwenye maana, kubalianeni kwa muda juu ya matumizi ya neno hilo katika mjadala huo pekee, muendelee.