SOMO: Unatumia Tor halafu kulogini kunagoma? Angalia hivi kabla hujafuta programu

Wakuu habari zenu. Watu wengi wakishindwa kulogini kupitia Tor (browza inayoficha ulipo kwa kupitisha data zako kwenye mashine za watu wengine) wanaifuta wanainstoli upya, wakati mara nyingi tatizo wala haliko huko. Nendeni kwa mpangilio huu.

1. Anza na saa, usicheke. Zile kompyuta za mezani za zamani betri ndogo ya kwenye bodi ikifa, saa inarudi nyuma miaka kibao, basi kila cheti cha tovuti (uthibitisho kwamba tovuti ni yenyewe) kinaonekana muda wake haujafika na hata Tor yenyewe inagoma kuunganika. Rekebisha tarehe na saa za eneo lako. Ila ukiona tovuti inaonyesha masaa matatu nyuma ya saa ya Bongo achana nayo, browza ya Tor inasoma UTC (saa ya kimataifa) makusudi.

2. Saa iko sawa na bado onyo la cheti linakuja? USILAZIMISHE kuendelea. Data zako zinapita mashine tatu, na ile ya mwisho ndo inaongea na tovuti, sasa kama hakuna https (ufungaji wa siri wa data) au umepuuza onyo, mwenye mashine hiyo anaweza kusoma paswedi yako kama ilivyo. Mwaka 2007 Dan Egerstad wa Sweden aliendesha mashine 5 tu za mwisho akanasa paswedi za barua pepe za balozi kibao, wenyewe walidhani kupita Tor kunatosha. Badilisha saketi (ile njia ya mashine tatu) kwa Ctrl+Shift+L. Onyo likipotea, huenda ile njia ya kwanza haikuwa salama, likibaki usiweke paswedi hapo.

3. Kitufe cha kuingia kimekufa: umeweka usalama kiwango cha juu kabisa, JavaScript (inayofanya vitufe vya tovuti vifanye kazi) imezimwa. Shusha kimoja tu, kile cha kati kinairuhusu kwenye https.

4. Unaweka paswedi sahihi unarudishwa palepale. Tovuti zingine zinalinganisha IP (namba ya mtandao unayoonekana nayo), ikibadilika katikati wanakutoa, kwahiyo saketi ibadilishe kabla ya kuanza, sio ukiwa ushajaza.

5. Umekataliwa kabisa au picha za kuthibitisha haziishi: orodha ya mashine za mwisho iko wazi kwa kila mtu na tovuti zinaiblock. Jaribu saketi nyingine, ikigoma basi.

MASWALI

Swali: Mkuu nimeweka daraja la aina ya obfs4 mbona tovuti bado inanikataa?
Jibu: Daraja ni la kukuingiza Tor pale mtandao wako unapoizuia. Tovuti hailioni, inaona mashine ya mwisho tu.

Swali: Nikifunga browza nalogini upya kila siku, na namba ya siri (code) ya SMS inachelewa hadi inaexpire.
Jibu: Kuki (kumbukumbu ya tovuti kwamba umeshalogini) zinafutwa ukifunga, ndo kazi yake hiyo. SMS haipiti Tor kaka, huo ni mtandao wa simu. Hamia app inayotengeneza hizo code kwenye simu kama tovuti inaruhusu.

Swali: Benki wamenifungia akaunti baada ya kuingia na Tor
Jibu: Benki wana jina lako na kitambulisho chako, sasa hapo unamficha nani? Wapigie, na next time tumia browza ya kawaida.

Swali: Facebook wananiambia nimeingia nikiwa Ujerumani, nimehakiwa?
Jibu: Kama ni muda uleule uliologini, ni mashine ya mwisho iko huko. Tumia anwani yao ya onion (ya ndani ya Tor yenyewe), wanayo tangu 2014, hiyo haipiti mashine ya mwisho kabisa. Ila usiichukue kwenye magrupu, za feki zimejaa.